Wanataka Binti Yangu Aseme Alimfasiria Nyevu Vibaya

Bi Rufaida mpendwa, nakusalimu kwa heshima kutoka huku Gongoni, mimi ni msomaji wako wa kila wiki, hata katika magazeti ya kufungia viazi nikikuta ukurasa wako siukati, nauweka kando, kwa hivyo na wewe usiniweke kando, nisaidie kabla ya Jumapili ijayo maana nimebanwa na sina pa kupumulia.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaanga viazi karai na bajia karibu na lango la kiwanda cha chumvi, shule nilikomea darasa la saba, lakini mtoto wangu wa pili, Cynthia, yuko chuo cha ualimu, na nisikufiche, mtoto kama huyu hazaliwi kila nyumba. Huko chuoni alikaa chumba kimoja na msichana kiziwi, wakapendana kama ndugu, akajifunza lugha ya ishara mpaka usingizini mikono inamcheza, mimi mwenyewe nimeona. Basi likizo hii ndefu kanisa letu likafungua huduma ya viziwi na Cynthia akajitolea bila kuombwa mara mbili, kila Jumapili anasimama kando ya mimbari na ile blauzi yake nyeusi ili mikono ionekane vizuri, mchungaji anahubiri huku yeye anapitisha, na viziwi wametoka Marereni, wametoka Mambrui, watu waliokuwa wakikaa nyuma na kutazama mabati sasa wanakaa mbele na wanacheka pale pale panapochekesha. Mimi nilikuwa nageuka kuangalia kama watu wanaona. Wateja wangu wote wanajua, niliwaambia binti yangu ni kama wale wa kwenye taarifa ya habari, ila wale wako kwenye kisanduku kidogo na wangu yuko mzima.

Jirani yetu Nyevu alikuwa wa kwanza kuja. Nyevu ni kiziwi wa kuzaliwa, alisomea shule ya viziwi utotoni na ishara anazijua zamani, ila tangu aolewe huku hakuwa na wa kuongea naye isipokuwa mumewe Lewa, kijana wa chumvi, aliyejifunza kwa ajili yake. Sisi wengine tulikuwa tunamwonyesha vidole tu, kula, njoo, toka. Alipompata Cynthia walikuwa wanaongea mpaka chakula kinapoa, na mimi akanipa jina la ishara, kidevu juu na mkono kifuani, Cynthia akacheka hakuniambia maana yake, lakini naijua na sikukasirika, kidevu hiki nimekipandisha kwa jasho.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Lewa alichomwa mguu na chuma kule kwenye mabwawa ya chumvi, akadharau, mguu ukavimba, mwili ukakakamaa, taya likafunga, akafa nyumbani kwake akiwa na mkewe na mtoto wao mdogo Ziro. Cynthia wakati huo alikuwa Kilifi kwa mafunzo ya wakalimani, na simu ya akina Nyevu ilikuwa imeingia maji ikafa. Baada ya mazishi wazee wakakaa pale matangani, na kaka mkubwa wa Lewa, Mwaro, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye aliyetoa viti vya hao viziwi, akamwita Cynthia aje kufasiri. Akasema mbele ya watu wote kwamba mtoto atalelewa kwake, Nyevu arudi kwao, kwa sababu mke gani huyu, mume anakufa ndani na yeye hakumwita mtu hata mmoja. Halafu akamgeukia binti yangu.

"Wewe mwambie tu tutamtunza. Hayo mengine ni ya wenye nyumba."

Cynthia hakushusha mikono. Akamjibu, "Baba, mimi nikikaa hapa kila neno linapita. Hata hilo ulilosema sasa limeshapita."

Shangazi mmoja wa marehemu akasema, "Yoo, kumbe anasikia."

"Hasikii, shangazi. Anaambiwa."

Hapo Nyevu akainuka, Bi Rufaida, na mimi nilikuwa natazama mikono yake huku nasikia sauti ya mwanangu, mpaka leo sijui niliyemsikia ni nani. Alisema hivi: "Nilikuja kwako asubuhi. Nilikuvuta mkono. Nililala chini kwenye vumbi, nikashika mguu, nikakaza shingo na meno nikuonyeshe alivyo. Ulikuwa na wageni, wageni wakacheka. Ukaingia ndani ukaniletea unga. Sikutaka unga. Jioni nilirudi, lango limefungwa. Niligonga mpaka mkono ukavimba. Sijui kama kulikuwa na sauti."

Mama mzaa Lewa akauliza, "Mwaro, ni kweli?" Mwaro akasema Nyevu hakufika kwake hata siku moja, na kwamba msichana huyu anatunga, ametumwa. Mimi nilinyamaza, ingawa asubuhi hiyo nilimwona Nyevu akitoka langoni kwa Mwaro na pakiti ya unga kwapani, analia, nikadhani wamekosana tu na shemeji yake, ya nyumba za watu si yangu, nikageuza bajia zangu, na hata hivyo pale matangani hakuna aliyeniuliza, basi tuyaache hayo.

Tangu siku hiyo mtoto Ziro wamemchukua, wanasema ni mpaka mambo yatulie, na Nyevu kila asubuhi anakwenda anasimama nje ya lango la Mwaro mpaka jua linakuwa kali. Mchungaji akaniita. "Mama Cynthia, ni neno dogo tu. Jumapili kabla hajarudi chuo asimame aseme bado anajifunza, ishara nyingine zilimshinda. Nani atamlaumu mwanafunzi? Nyumba itapona na huduma itaendelea." Nikaona si jambo kubwa. Nikamwambia Cynthia, akaacha kula. Akaniambia, "Mama, hayo maneno si yangu niyafute. Ni ya Nyevu. Nikisema nilikosea, hata aje nani kumfasiria baada yangu, hatasadikiwa tena." Tangu hapo ananijibu ndiyo na hapana tu, mtoto ambaye hatujawahi kulala bila kucheka.

Na wateja wamepungua. Juzi mpwa wa Mwaro alikuja akasimama mbele ya karai, hakununua, akaniambia, "Mama Cynthia, msichana wako ataondoka, wewe utabaki. Halafu naona mvi zimeanza kuingia." Bi Rufaida, wewe ni mtu wa pwani hii, unajua huku kwetu mtu akianza kuhesabiwa mvi kinachofuata ni kuitwa mchawi, na mchawi hafi kwa ugonjwa. Sasa nakuuliza, je, si haki yangu kama mzazi kumlazimisha aseme hilo neno dogo, ama niende mimi kwa mchungaji nikaseme kwa niaba yake kwamba mtoto bado anajifunza, ili aende chuo salama na mimi nibaki salama? Nijibu upesi.

Mimi mama mzazi, Gongoni.

BI RUFAIDA ANAJIBU

Mama wa Gongoni, barua yako nimeipandisha juu ya zote kwa sababu ya hiyo Jumapili. Majina uliyoyasoma hapo juu si yale uliyoniandikia. Ulinitajia watu kwa majina ya baba zao mpaka rangi ya lango. Nimebadilisha kila kitu, na wewe usimwandikie mtu barua kama ile tena.

Pole. Nasema kwa dhati. Kupoteza wateja ni njaa, na maneno ya mvi si mzaha, mimi nimezika watu waliotaniwa hivyo. Lakini swali lako jibu lake ni hapana. Usimlazimishe Cynthia, wala usiende kusema kwa niaba yake. Umeliita neno dogo. Neno hilo dogo likisemwa, Nyevu amekuwa mke aliyemwacha mumewe afe, mtoto amekwenda moja kwa moja, na kinywa pekee alichokipata hapo kijijini kimejikana chenyewe mbele ya madhabahu. Binti yako amekueleza haya kwa maneno machache kuliko yangu, na wewe ukamwona mkaidi.

Umewatangazia watu wa Gongoni kwamba mwanao anajua kazi yake. Ni kweli, anaijua. Kwa nini ukweli huo uwe wako siku ya kujisifu tu?

Sasa tuje mahali ulipotaka tupapite. Umeandika "basi tuyaache hayo." Hatuyaachi. Asubuhi ile ulimwona Nyevu kwa macho yako akitoka kwa Mwaro na unga kwapani, analia. Mwaro amesema hakufika. Bibi wee, hapo hapahitaji lugha ya ishara. Unaniuliza kama mtoto aseme uongo, kumbe ukweli umekaa kwako kando ya karai. Unasema hakuna aliyekuuliza. Nyevu naye hakuna aliyemuuliza.

Simwiti Mwaro muuaji. Huenda kweli hakumwelewa shemeji yake, na angesema pale matangani, "Alikuja, sikuelewa, Mungu anisamehe," watu wangelia naye. Alichagua kusema hakuja. Na usimcheke kwa hilo, kwa maana wewe umeishi jirani na Nyevu miaka yote na ishara unayoijua vizuri ni ile ya jina lako.

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumapili. Kesho asubuhi funga biashara, mchukue Nyevu na Cynthia mwende Malindi kwa afisa wa watoto, mkaeleze kwamba mtoto ametwaliwa kwa mama yake mzazi. Mwombe huko mkalimani mwingine, mtu asiyewajua nyinyi wala akina Mwaro, Nyevu aseme yote upya kwa huyo. Cynthia asimfasirie Nyevu huko. Sasa yeye ni shahidi, na akifasiri tena watamrukia yeye badala ya kusikiliza maneno. Kama maneno yatatoka yale yale kwa mikono ile ile na mdomo mwingine, hadithi ya mwanafunzi aliyekosea imekwisha. Wewe nawe utoe maelezo yako: ulimwona wapi, asubuhi gani, amebeba nini. Usiongeze chumvi, huko kwenu ipo ya kutosha.

Mkitoka hapo mpite kituo cha polisi, useme maneno ya yule mpwa kama alivyoyasema, na jina lake. Mwambie chifu pia. Waambie na ndugu zako wote, usione haya. Vitisho vya aina hiyo vinapenda mtu anayejificha navyo peke yake. Na kwa sasa msilale nyumba mbalimbali, Nyevu aje kwako. Hata wakikutenga, mtakuwa wawili.

Siwezi kukuahidi kwamba mtoto atarudi mwezi huu, wala kwamba wateja watarudi. Pengine hawatarudi. Mchungaji wako anataka amani, lakini hiyo anayoitaka inalipwa na mjane mmoja, na yeye hakualikwa kwenye mazungumzo. Mwambie hivyo, kwa adabu. Mwambie pia kwamba huduma iliyofunguliwa kwa likizo moja halafu ikafungwa ni ukatili, kwa hivyo Cynthia kabla hajaondoka awafundishe watu, na wa kwanza kwenye benchi uwe wewe.

Umemzaa mtoto jasiri, na ninakuonea wivu kidogo. Usimrudishe chuo akiwa amejifunza kwako kwamba ukweli ni wa kusemwa pale usipogharimu kitu.

Jumapili wamewaita watu wasikie mtu akisimama kusema. Nendeni. Usimwache Mwaro achague nani asimame. Inuka wewe, useme asubuhi ile ulimwona nani akitoka lango gani na amebeba nini, kisha ukae. Cynthia asimame kando ya mimbari kama kawaida afasiri kila neno lako wewe, ili Nyevu ajue kwa mara ya kwanza kwamba siku ile kuna mtu mwenye masikio aliyemwona.