Kamba ya Masumbwe

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Kambarage tu wazima, na pacha wako Doto amejifungua salama. Unauliza kama umwambie mhadhiri, mbele ya wenzako wanane, kwamba hesabu yake ubaoni ina kosa.

Ujanani, kule Masumbwe, nilipima kwa kamba kina cha duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu, nikapata pima kumi na tisa. Msomi wetu, mchimbaji mwenzetu aliyetunza daftari la vipimo, akaandika kumi na sita. Nilipomwambia, akacheka: "Wewe wa darasa la nne, kaa kimya!" Nikakaa. Ngazi ya kushukia ikaundwa kwa hesabu yake, ikaishia hewani, na lawama nikabeba mimi niliyepima. Bado inaniuma. Lakini kamba nilikuwa nayo mkononi, na sikumwomba tupime pamoja.

Wewe usimwambie amekosea. Mwombe chaki, mkokotoe wote wawili palepale ubaoni.

Babu yako