Marit, Wali Wenye Zabibu na Kicheko cha Mama

Leo mwaka umetimia, Marit, tangu ututoke, na bado simu ikilia Jumapili baada ya ibada Mama huinuka upesi akidhani ni wewe. Mimi kaka yako Orrin ndiye niliyepewa kalamu. Wengine wote walikataa kwa adabu mara tatu, kama desturi yetu, mimi nikajisahau nikakataa mara mbili tu.

Ulitujia mwezi wa Februari, una miaka minne, kutoka Daegu, Korea, hadi hapa Nordby, Minnesota, theluji imefika madirishani. Kifuani ulikuwa umebandikwa karatasi yenye jina Mi-suk; sisi tukakuita Marit. Wale walioshughulikia kuasiliwa kwako waliandika kwamba mtoto amezoea wali. Mama akafurahi: wali anaujua! Akaupika vile alivyofundishwa na bibi yake Mnorwe, kwa maziwa, sukari na siagi, na mdalasini juu. Ukaonja kijiko kimoja. Ukakiweka chini taratibu, ukatutazama mmoja mmoja, ukaangua kilio mpaka saa ya kukamua ng'ombe.

Baba yetu Lowell, Mungu amrehemu, akasema, "Labda mdalasini umezidi."

Mama hakuupika tena wali ule, hata Krismasi. Aliamini kwamba siku ya kwanza tu alikuwa ameshindwa kuwa mama yako.

Ukakua, mfupi kuliko darasa zima, na maneno ya kulitosha darasa zima. Wageni walikuuliza, "Unatoka wapi?"

"Nordby."

"Hapana, kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa dukani, nimefuata maziwa."

Ukiwa na miaka ishirini na mitatu ulipanda jukwaani Minneapolis kuchekesha watu kwa jibu hilo, mbele ya watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa sisi. Loh, hukuwa na haya hata kidogo! Ukafika Chicago, ukafika kwenye televisheni. Na kila kiangazi uliacha vyote ukaenda kambini kwa watoto walioasiliwa kutoka Korea, ukawafundisha kujibu maswali ya kijinga bila kulia. Mmoja wao ametuandikia mwaka huu. Anasema wewe ndiye mtu mzima wa kwanza mwenye uso kama wake aliyemwona akichekesha watu, na si kuchekwa.

Vichekesho vyako uliviandika nyuma ya risiti zangu za mbegu. Nilizitafuta sana risiti zile, dada. Sasa nimeziweka ndani ya Biblia.

Lakini tuseme kweli, maana wewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku uliyousimulia ule wali kwenye televisheni, Mama alikuwa sebuleni na akina mama wa kanisa, wanashona mfarishi. Nchi nzima ikacheka. Mama akazima, akakunja kitambaa chake, akasema, "Mh. Hiyo ni ya aina yake." Huku kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Basi miaka miwili mkawa mnazungumza hali ya hewa tu.

"Theluji imeanguka."

"Na huku pia, Mama."

Ukikata simu unanipigia mimi unalia. "Orrin, nawachekesha watu wa miji yote, mama yangu mwenyewe siwezi." Nami, mkulima wa ng'ombe, ningekuambia nini?

Ndipo Nordby ikatimiza miaka mia moja. Ukaja kutuchekesha mchana kweupe, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, watu mia tatu kwenye viti vya chuma. Ulikuwa umeniahidi kwamba wali hutaugusa. Lakini Delmar, jirani yetu asiye na breki mdomoni, akapiga kelele kutoka nyuma, "Tupe ile ya wali, Marit!"

Ukasema, "Ile nimeistaafisha. Mwenye wali hajanipa ruhusa."

Mstari wa pili, Mama akasimama, mkoba kifuani.

"Unaisimulia vibaya," akasema. "Kila siku mdalasini, mdalasini. Nilitia na zabibu kavu."

"Zabibu, Mama? Juu ya yote yale, na zabibu?"

"Nilitaka ujue tumefurahi kukupata."

Ukumbi ulilipuka! Delmar alianguka na kiti chake. Wewe ulikaa chini ukingoni mwa jukwaa, unacheka huku machozi yanakutoka, na Mama, Verna Tollefson asiyecheka hadharani, akacheka mpaka mkoba ukamdondoka. Ukashika kipaza sauti ukasema, "Miaka kumi natafuta mwisho wa hadithi hii, kumbe anao mama yangu." Ulikuwa umeshinda, Marit, na sote tulikuwepo.

Kesho yake akakupikia tena. Ukala bakuli zima, ukasema, "Mama, bado haulikiki." Akakuongezea.

Ugonjwa ulipokuja ukauchekesha nao, mpaka wauguzi wakawa wanagombania zamu chumbani kwako. Haukukushinda. Ulikuchukua tu.

Leo tumekula pamoja kanisani, kule chini ya ukumbi wa ibada. Mama, na miaka yake themanini na minane, amepika sinia la wali. Kisha akasimama akaisimulia hadithi mwenyewe, na alipofika kwenye zabibu akanyamaza kidogo kwanza, kama ulivyomfundisha. Watu hoi!

Kikabaki kipande cha mwisho cha wali ulioganda. Unatujua: huyu akakata nusu, yule nusu ya nusu, hakuna wa kumaliza, maana kwetu ni aibu kula cha mwisho. Mama akavuta sinia, akachukua kijiko.

"Hiki ni cha binti yangu," akasema, akakila chote.

Unakumbukwa na mama yako Verna, kaka yako Orrin, wifi yako Joleen, na watoto wetu Tove na Anders, wanaosema Shangazi ndiye aliyewafundisha kujibu. Nordby yote inakukumbuka, Delmar kwa sauti kubwa kuliko wote.

Daima tutakukumbuka, Marit wetu, na kila tukikukumbuka tutacheka.