Nyongeza ya Mama

Kaka yangu mpendwa Naftali,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema huko kwenye mkonge wa Tanga, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi sote ni wazima, na mvua za Mtinko zimekuwa nzuri.

Uliuliza kama ni kweli Baba amenikataza kurudi shule huku Kiomboi. Ni kweli. Simba walionekana njiani, akasema binti yake hatatembea tena porini kufuata masomo, ila apate lori la kumpeleka. Akacheka, maana nani atatupa sisi lori?

Sasa nikueleze habari za samli. Unamkumbuka Bwana Manase, mnunuzi anayepeleka samli Kiomboi kwa lori lake. Desturi yake ni kupita nyumba kwa nyumba, akimwambia kila mama kwamba jirani amekwisha kukubali bei ya chini. Safari hii Mama aliwaomba wenzake walete madebe yote uani kwetu, asiseme mtu ila yeye.

Bwana Manase akawakuta wanabangua karanga, kimya. Akauliza kama wanawake wa Mtinko siku hizi wamekatwa ndimi. Mama akataja bei yao, basi. Bwana Manase akawasha lori aondoke. Niliogopa, kaka, lakini Mama hakuinua hata macho. Jirani yetu Bibi Rahabu ndiye aliyeshindwa kunyamaza, akamwambia aende salama, samli ina subira kuliko petroli, na awasalimie Kiomboi kwa lori tupu. Uani wote ukacheka. Akazima lori, akacheka naye, akakubali.

Kwetu biashara haiishi bila nyongeza, nawe unajua. Akawauliza kama wanataka chumvi au kanga. Mama akasema nyongeza yao ni mimi nipande lori hilo kila shule ifunguapo na ifungapo, mpaka nimalize. Bwana Manase akalia kwamba hajaona nyongeza kubwa kuliko biashara yenyewe, lakini akampa Mama mkono mbele ya Baba. Naye Baba, kwa kuwa alikwisha kutoa neno lake kuhusu lori, akaenda kunifungia mzigo.

Kumbe wanawake wote walijua. Waliiacha chumvi yao kwa ajili yangu, kwa sharti moja, aliloniambia Bibi Rahabu nilipokuwa napanda: nikimaliza, nirudi niwafundishe binti zao. Nimekubali, kaka.

Wasalimie wenzako wote wa kambini.

Mdogo wako akupendaye,
Dina,
Bweni la Wasichana, Kiomboi