Vema Nyekundu kwa Ukuta Uliopasuka

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 13, saa nne asubuhi.

Jina: limeandikwa kwenye karatasi ya pembeni kwa ombi la shahidi. Shuleni huitwa Timilifu.
Umri: miaka 59.
Kazi: mwalimu wa Kiingereza, darasa la saba.
Makazi: nyumba za walimu, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji.

Nimefundisha miaka ishirini na tisa. Watoto wananiita Timilifu kwa sababu ya wakati uliopita timilifu wa Kiingereza, ambao nimewasumbua nao mpaka wananiigiza sauti nikiwapa mgongo. Kazi ya wakati huo ni ndogo: kati ya mambo mawili yaliyopita, unaonyesha lipi lilikuwa limeshatokea kabla ya jingine.

Mnamo tarehe 9, Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, niliwapa zoezi. Kila mmoja aandike sentensi tano kuhusu mambo yaliyokuwa yameshatokea shuleni kabla kengele haijalia. Nilisisitiza yawe ya kweli, maana nimechoka na sentensi za kunakili kitabuni. Nilikusanya madaftari arobaini na moja, nikayasahihisha kati ya saa nane na saa kumi. Nasahihisha kama mwalimu yeyote mwenye rundo mbele yake: jicho linakwenda kwenye kitenzi, kikiwa sawa naweka vema, nageuza ukurasa.

Mnamo tarehe 11, Jumatano, saa tatu asubuhi, fundi bomba alianza kuchimba mtaro kando ya ukuta wa stoo ya vitabu. Saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, ukuta ukaanguka. Chini yake alikuwapo binti wa darasa langu aliyekwenda kunawa mikono. Mimi na fundi tuliondoa matofali kwa mikono, fundi akilia. Jioni nilisikia amekamatwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameandikisha polisi kwamba ukuta ulikuwa mzima mpaka mtaro ulipochimbwa.

Mnamo tarehe 12, saa moja asubuhi, nilitafuta daftari la yule binti nimpelekee hospitalini. Nikalifungua. Sentensi yake ya tatu naitafsiri hivi: "Kengele ilipolia, ukuta wa stoo ulikuwa umeshapasuka, na mkono wangu uliingia kwenye ufa." Nilikuwa nimeweka vema nyekundu, na pembeni nimeandika hongera. Afande, usinitajie methali ya ufa na ukuta. Naijua tangu darasa la pili.

Nilimpelekea mwalimu mkuu daftari hilo. Alifunga mlango kwanza. Akasema, "Sasa haya ya nini tena, mwalimu mwenzangu? Yatie moto madaftari yote. Mwaka kesho unastaafu, unajichimbia kaburi kwa mikono yako?"

Nikamuuliza kama yeye alikuwa ameuona ufa.

Akasema, "Nani hakuuona?"

Nilitoka bila kuaga. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu wakubwa ndio hawakusikia, na guu lililovunjika ni la mtoto.

Siku hiyohiyo saa tisa alasiri nilifika wodini. Wamemkata mguu wa kushoto chini ya goti. Nilimuuliza, kwa upumbavu wangu, kwa nini hakuniambia kwa mdomo.

Akasema, "Nilikuandikia, mwalimu. Ukaniwekea vema."

Mama yake alikuwa anakunja shuka. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili.

Nimeleta madaftari yote arobaini na moja. Mengine sijayafungua tena, ujasiri huo sina. Fundi hana kosa. Ufa ulikuwapo siku mbili kabla hajashika sururu. Mwenye kosa wa kwanza ni mwalimu mkuu, na wa pili ndiye huyu anayetia saini hapa chini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Madaftari 41 yamepokelewa kama kielelezo. Nimeyasoma yote baada ya shahidi kuondoka. Wanafunzi walioandika habari za ufa ni kumi na tisa. Wote wamewekewa vema.