Maswali Niliyoandika kwa Penseli

Mama mpendwa,

Habari za huko Nyeri? Goti limepata nafuu, au bado unashinda kwenye majani chai ukijifanya mzima? Mimi mwili hauna shida, namshukuru Mungu. Ningekupigia simu, lakini ungesikia sauti ikitetemeka, kesho ungekuwa hapa Kitengela. Ninaogopa, Mama. Hata mlango ukigongwa nashtuka.

Unajua nilivyokuwa nikisahihisha insha: kalamu nyekundu, daftari zima limechafuka. Watoto wangu wa Gredi ya Sita walikariri mwanzo niliowapa, basi kila mmoja aliamka jua likichomoza na ndege wakiimba, hata aliyeandika juu ya mazishi. Nikachoka kusoma maneno yangu mwenyewe. Muhula huu nikaiweka kando kalamu hiyo, nikawa naandika swali moja au mawili pembeni kwa penseli, mtoto atafute jibu lake.

Naserian, msichana mpole kabisa, aliandika kuhusu watu waliokuja kupima shamba lao. Nikamwuliza pembeni: "Koko alisema nini?" Koko ndiye bibi yake, kwa Kimaasai. Akajibu kwa mistari mitatu: Koko hakusema kitu, kwa sababu Baba alimwambia ni watu wa barabara, lakini yeye Naserian alimsikia Baba akiuza shamba. Akaisoma darasani. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kwao.

Jana baba yake, mwenyekiti wa wazazi, aliingia ofisini akakataa kiti.

"Wewe ndio unafundisha mtoto kuniandika kwa kitabu?"

"Mzee, hayo ni maneno yake."

"Mtoto hana maneno kama hayo. Jumatatu nakuja na kamati tuone hiyo kitabu. Kama hizo laini tatu hazijatoka, utatoka wewe."

Na kamati hiyo ndiyo iliyoniandika kazi. Nakiri, Mama, nilishika kifutio. Kisha nikaona aibu, nikamwita Naserian, nikamweleza yote, nikampa daftari.

"Insha ni yako," nikamwambia. "Amua kinachobaki."

Akainama akafuta, akafuta. Moyo wangu ukatulia, Mungu anisamehe. Aliponirudishia, mistari yake mitatu ilikuwa pale pale. Alichofuta ni maswali yangu.

"Sasa hawatasema ni wewe, mwalimu," akasema, akakimbilia foleni ya chakula.

Nilikaa pale na daftari nikalia. Ana miaka kumi na mmoja, na jioni analala nyumba moja na baba huyo.

Nisalimie Baba, shangazi wa dukani, na kaka na mkewe mpya. Usiwaambie haya bado.

Jumatatu nitasema mbele ya kamati kwamba maswali yalikuwa yangu. Nimekuandikia wewe kwanza, ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mwanao mwenye hofu,
Wangari