Spana iliyobaki kwenye nyasi

Shume, Jumanne, jua linazama

Mimi ndiye niliyemkatiza. Mwanangu Hamisi alikuwa akifunga gurudumu la lori la kijiji hapa uani. Nati alizikaza kidogo likiwa kwenye jeki. Huwa anazimalizia kwa nguvu likishagusa ardhi. Alipolishusha tu, baba yake mkubwa akatokea. Nikamfokea, "Weka spana chini, msalimie mkubwa wako."

"Shikamoo, baba." Wakaulizana habari, kuanzia migomba mpaka ng'ombe. Wenye kabichi za kupeleka sokoni wakamharakisha, akapanda lori, akateremka nalo mlimani kwenda Mombo.

Spana nimeikuta kwenye nyasi. Nati hazikumaliziwa kukazwa, na gurudumu laweza kuchomoka kwenye kona zile zote za mlimani.

Giza linaingia, hajarudi. Naandika haya kwa herufi nilizojifunza kisomoni, darasa la watu wazima.

Rudi, mwanangu, hata usiposalimia mtu tena.