Kikapu cha Futi Kumi na Moja

Mwanangu,

Sote wazima. Mama yako anasema ule vizuri, nami nasema msikilize, maana simu zake utazichoka.

Jana tulikutazama kwenye fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo, katika runinga ya kinyozi. Pointi thelathini na mbili! Kinyozi alimwacha mteja kanyolewa upande mmoja. Macho yangu, kwa miaka yote hii ya kuchomelea vyuma, hayasomi tena namba ya mgongoni, lakini nilikujua tu: mpira wako hupanda juu kuliko wa wenzako.

Sasa nina la kukiri. Kile kikapu nilichokutengenezea nyuma ya karakana, nilipima bomba futi kumi kamili, nikasahau zege la chini, lililokiinua futi nzima kupita kipimo. Niligundua siku ile uliyokosa mpaka ukalia, nikaona haya kusema. Baadaye ukaacha kukosa, nikanyamaza moja kwa moja.

Nisamehe, mwanangu. Mdogo wako naye ameanza kurusha, na kila jioni anakinunia kile kikapu. Nyundo ninayo, ila zege sijaligusa.

Ni mimi baba yako,
fundi asiyejua kupima.